SIRI ZA WATU KATIKA DAFTARI ZA SERIKALI

Mtu wa kijijini akihesabu ni mara ngapi ameulizwa habari zake na Serikali, atastaajabu. Alipozaliwa, jina lake liliandikwa kliniki pamoja na jina la mama yake na uzito wake wa siku ile. Alipopelekwa shule, mwalimu aliandika umri wake na jina la baba au mlezi wake. Akiugua, mganga wa zahanati huandika ugonjwa wake. Akitaka kitambulisho cha taifa hutoa alama za vidole vyake. Akiwa na shamba lililopimwa, mipaka yake imo katika daftari ya ardhi. Akikatwa kodi, mapato yake yajulikana. Na akifa huandikwa pia. Basi yuko mtu wa pili, aliyefanywa kwa karatasi na kwa kompyuta, ambaye hulala katika makabati ya ofisi, na huyo wa pili ajua mambo ya mwenyewe ambayo pengine hata mkewe na ndugu zake hawajaambiwa.

Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu jinsi habari za namna hii ziwezavyo kupotea, au kutoka nje, kwa mikono ya wale wale waliowekwa kuzilinda. Hatusemi juu ya wezi wa mbali wavunjao kompyuta kwa werevu wao; hao wapo, na magazeti huwataja sana. Twasema juu ya karani wa kawaida, aliye mwaminifu, asiyemtakia mtu mabaya, ila ana haraka, au amechoka, au amefundishwa njia ya mkato na yule aliyekaa katika kiti kile kabla yake. Mtu huyu aweza kuleta hasara kuliko mwizi, maana mwizi hana budi kuvunja mlango, na karani anao ufunguo.

Wengine husema, “Mimi ni mkulima, nina mbuzi wanne na shamba la mihogo, nani atazitafuta habari zangu?” Lakini jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, vikikutana pahali pamoja, vimekuwa kama muhuri wa mwenye jina. Akupigiaye simu bila ya kumjua, akakutajia jina lako, jina la baba yako, kijiji chako na namba ya kitambulisho chako, utamwamini kuwa ni mtu wa ofisi. Na akikuuliza neno la siri la fedha zako za simuni, pengine utampa. Mwingine aweza kutumia muhuri huo kuandikisha simu au kukopa kwa jina lako, na wewe utapata habari siku ya kudaiwa. Ufunguo ukiibiwa, mtu hubadili kufuli. Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki, wala alama za vidole hazibadiliki.

Tena iko hasara isiyokuwa ya fedha. Mwanamke akisikia kisimani kwamba ugonjwa aliomweleza mganga faraghani umejulikana mtaa mzima, hatarudi zahanati. Wala jirani zake waliosikia hawatakwenda, wakijua kwamba zamu yao itafika. Hapo ugonjwa huachwa uenee, na dawa hubaki rafuni.

Na hili ni tofauti kubwa kati ya Serikali na duka. Mwenye duka akitangaza madeni ya wateja wake, wao huhamia duka la pili. Serikali haina duka la pili. Mzazi hawezi kumwandikisha mtoto wake kwingine, wala mlipa kodi hawezi kuchagua mtoza kodi. Mtu hutoa habari zake kwa kuwa hana budi, na kwa sababu hiyo amana yake ni nzito zaidi.

Sasa tutaeleza mambo yaliyotukia Uingereza mwaka 2007, maana katika habari hizo sehemu zote za jambo hili zaonekana wazi, na uchunguzi wake ulitangazwa kwa watu wote.

Nchi ile ina posho ya watoto, yaani fedha ambazo Serikali huwapa wazazi kwa ajili ya kulea. Mwaka ule posho ilitolewa bila ya kuangalia kama mzazi ni tajiri au maskini, kwa hiyo takriban kila jamaa yenye watoto ilikuwa imeandikwa. Daftari yake, iliyokuwa katika kompyuta, ilitunzwa na Idara ya Mapato na Forodha katika ofisi iliyoko mji wa Washington, kaskazini-mashariki ya Uingereza. Msomaji asiuchanganye na mji mkuu wa Marekani. Katika daftari hiyo yalikuwamo majina ya wazazi na watoto, makao yao, tarehe za kuzaliwa, namba zao za posho na za Bima ya Taifa, na kwa wengi namba za hesabu zao za benki. Jamaa zilikuwa 7,250,000, na watu wote pamoja 25,000,000.

Wakaguzi wa hesabu za taifa, ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba fedha za watu hazipotei, walitaka kuikagua posho hiyo. Kazi hii ni halali na ya lazima. Lakini wakaguzi hawakuhitaji kujua nani akaa nyumba gani. Walihitaji namba tu, ili wachague wenyewe mafungu machache ya kuchungua. Basi mwezi wa Machi 2007 waliomba kwamba habari za wazazi, makao yao na hesabu zao za benki ziondolewe kwanza, ndipo wapelekewe yaliyosalia.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Aliyeomba aliomba kidogo. Mtoaji ndiye aliyetoa kingi. Jibu la idara lilikuwa kwamba kuichambua daftari kungeongeza kazi, na pengine kungeleta gharama, basi afadhali itumike nakala iliyokwisha kuwako. Ikapelekwa yote. Mara ile haikupotea, na kwa kuwa haikupotea, watu walidhani njia ile ni njema. Katika ofisi nyingi ndivyo desturi mbaya zizaliwavyo: jambo hufanywa mara moja kwa haraka, hakuna adhabu, na mwaka wa pili huitwa utaratibu.

Mwezi wa Oktoba wakaguzi walihitaji habari tena. Tarehe 18 mtumishi wa cheo cha chini alinakili daftari nzima katika diski mbili, ambazo zote mbili mtu angeweza kuzitia katika mfuko wa koti, akazipeleka London kwa posta ya ndani ya idara, iliyochukuliwa na kampuni ya wapagazi wa barua. Hazikuandikwa katika rejista. Hapakuwa na mtu wa kutia sahihi ya kuzipokea, wala namba ya kufuatia safari yake. Mtu wa kwetu akituma shilingi elfu kumi kwa dereva wa basi hudai namba ya gari na jina la dereva. Lakini siri za watu milioni 25 ziliondoka bila ya hata kipande cha stakabadhi.

Diski hazikufika. Wakaguzi walipouliza, ilipelekwa nakala ya pili, safari hii kwa barua ya rejista, nayo ilifika salama. Lakini zile za kwanza zi wapi? Siku zilipita, watu wakitumaini kwamba zitaonekana chini ya meza ya mtu. Wakuu wa idara hawakuambiwa mpaka tarehe 8 Novemba, majuma matatu tangu siku ya kuzituma. Tarehe 10 Waziri wa Fedha, Bwana Alistair Darling, alipata habari, na tarehe 20 Novemba alisimama mbele ya Bunge akawaambia watu kwamba diski zimepotea, akawaasa wazitazame hesabu zao za benki. Mkuu wa idara, Bwana Paul Gray, alijiuzulu. Polisi walipekua ofisi na ghala. Diski zile mbili hazijaonekana tangu siku ile.

Je, zililindwa kwa kitu gani? Zilikuwa na neno la siri tu. Hapa yatupasa kueleza, maana watu wengi, na hata wakubwa wa ofisi, huchanganya mambo mawili. Neno la siri ni kama kufuli madhubuti katika mlango wa nyumba ya makuti. Kufuli ni zuri, ila mwizi mwenye kisu hashughuliki na mlango, hukata ukuta. Njia ya pili ni kuyasimba maandishi yenyewe, yaani kuyageuza kwa hesabu ngumu hata yawe fumbo lisilosomeka na mtu yeyote asiyekuwa na ufunguo wake. Aliyeiba barua ya fumbo ameiba karatasi tu. Diski za posho hazikusimbwa hivyo.

Mwanzoni lawama ilimwangukia yule mtumishi mdogo. Ni desturi ya watu popote, na sisi hatuipendi. Kazi ya uchunguzi ilipewa Bwana Kieran Poynter, ambaye taarifa yake ilitolewa mwezi wa Juni 2008. Tume nyingine ilichungua mwenendo wa watumishi mmoja mmoja. Bwana Poynter aliona kwamba hasara ile ingaliweza kuepukwa kabisa. Tume ile nyingine haikumwona mtumishi hata mmoja aliyetenda kosa la jinai wala utovu wa adabu ya kazi. Waliloliona ni baya zaidi: utaratibu wa kuzitunza habari ulikuwa dhaifu mno, watumishi hawakufundishwa uzito wa kitu walichokishika, na kazi ilikwenda kwa kubahatisha. Mtumishi mdogo hakupaswa kuwa na uwezo wa kuinakili daftari nzima peke yake, kama vile mtunza stoo wa shule hapaswi kuwa na uwezo wa kuitoa akiba yote ya mahindi bila ya sahihi ya mwalimu mkuu.

Nchini Marekani, mwaka uliotangulia, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mtumishi wa Idara ya Askari Wastaafu alikuwa na desturi ya kuchukua kazi nyumbani, jambo ambalo wengi wetu tungelisifu. Tarehe 3 Mei 2006 wezi waliingia nyumbani kwake, katika jimbo la Maryland, wakachukua kompyuta ya kubebea na kisanduku cha kuwekea kumbukumbu zake. Ndani yake mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu kiasi cha 26,500,000, wengi wao askari waliokwisha kupigana vita vya nchi yao. Habari hizo hazikusimbwa. Mtumishi yule alitoa habari siku ile ile, polisi na kazini kwake. Waliochelewa ni wakubwa wake: Waziri hakuambiwa mpaka tarehe 16, na wananchi hawakuambiwa mpaka tarehe 22. Kwa bahati njema vitu vile vilipatikana mwishoni mwa Juni, na wapelelezi waliovipima waliona kwamba habari hazikufunguliwa. Hata hivyo idara ilishtakiwa, na mwaka 2009 ilikubali kutoa dola 20,000,000 kumaliza kesi. Mwizi, yaelekea, alitaka kompyuta tu ili aiuze, wala hakujua kwamba amebeba jeshi zima mkononi.

Kosa la tatu halipotezi kitu wala halichukui kitu, nalo ni kuchungulia. Mtumishi ana ruhusa ya kuifungua daftari kwa kazi. Naye huifungua kwa hamu ya kujua. Mwezi wa Machi 2008 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kwamba majalada ya pasipoti ya watu watatu waliokuwa wakigombea urais, Bwana Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa Nyanza katika Kenya, Bibi Hillary Clinton na Bwana John McCain, yalifunguliwa na watumishi wasiokuwa na kazi nayo. Wawili waliolifungua la Bwana Obama, walioajiriwa na makampuni ya mkataba, walikuwa wamekwisha kufukuzwa kazi. Mkaguzi wa wizara alipochagua majina 150 ya watu mashuhuri, aliona kwamba majalada ya 127 kati yao yalikuwa yamefunguliwa angalau mara moja katika miaka michache, na pengine si kwa haki.

Walijulikanaje? Kompyuta ile iliwekewa alama katika majalada ya watu wakubwa, hata mtu akilifungua moja, msimamizi huarifiwa. Ni ulinzi mzuri, lakini tutazame ni nani alindwaye. Mkulima hana alama katika jalada lake. Jirani aliye karani akitaka kujua kama mkulima huyo amemwandika mtoto wa nje, au kama amepewa dawa za maradhi fulani, hakuna kengele italiayo. Kwa hiyo yafaa kila kufunguliwa kwa jalada kuandikwe, la mkubwa na la mdogo: nani amelifungua, siku gani, kwa kazi gani. Na maandishi hayo yasomwe mara kwa mara na mtu mwingine, maana daftari ya ulinzi isiyosomwa haimtishi mtu.

Kwetu Afrika ya Mashariki mambo haya yamekwisha kutiwa katika sheria. Uganda na Kenya zilipata sheria zao mwaka 2019; Rwanda mwaka 2021; na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Maneno ya sheria hizi yatofautiana, lakini mti ni mmoja. Zasema kwamba habari za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, wala zisitumiwe kwa sababu nyingine. Kwamba zisikusanywe kupita kiasi kinachohitajiwa. Kwamba zitunzwe salama. Na kwamba mwenyewe ana haki ya kuuliza yaliyoandikwa juu yake, na kusahihishiwa yakiwa na makosa. Sheria hizi zaifunga Serikali yenyewe na si makampuni tu, ingawa yako mambo yaliyotengwa, kama ulinzi wa nchi na upelelezi wa makosa.

Msomaji ataona kwamba lile neno la pili, la kutopita kiasi, ndilo lililovunjwa Uingereza kabla ya diski kupotea. Watu hufikiri kwamba kosa lilifanyika posta. Sisi twaona kwamba lilifanyika Machi, katika meza ya yule aliyeona taabu kuchambua. Kama zingalitumwa namba peke yake, zikapotea, mwokotaji angalipata orodha ya tarakimu zisizokuwa na jina la mtu wala mtaa wake. Habari isiyotoka haiwezi kupotea njiani.

Labda baadhi ya wasomaji wetu watasema kwamba mambo haya ni ya nchi zenye kompyuta kubwa, nasi kijijini tuna daftari zenye majalada ya bluu na kabati lililokatika bawaba. Lakini siri ni ile ile. Sote tumepata kununua karanga au maandazi yaliyofungwa kwa karatasi yenye maandishi, na aliye na hamu ya kusoma pengine husoma majina na alama za mitihani za watoto wa watu. Karatasi za ofisi zilizokwisha kazi zisiuzwe kwa ratili, wala zisitupwe jalalani nyuma ya ofisi. Na zichomwe moto au zichanwe vipande vidogo mbele ya mtu wa pili, na iandikwe kwamba zimechomwa. Ila kwanza aulizwe mwenye mamlaka, maana ziko hati ambazo sheria yataka zitunzwe miaka mingi, na mwenye kuzichoma hizo amefanya kosa jingine.

Simu za mkononi zimeleta mlango mpya. Mtendaji apokea ombi, “Nipelekee orodha ya wazee wa kijiji chako upesi,” naye huipiga picha daftari kwa simu yake mwenyewe, akaituma katika kundi la maongezi lenye watu mia. Amefanya kazi upesi, na mkubwa wake atamshukuru. Lakini picha hiyo sasa imo katika simu mia, na kila simu huchezewa na watoto, hupelekwa kwa fundi, huuzwa, huibwa. Lake mwenyewe aweza kulifuta. Yale mengine hana mkono wa kuyafikia. Ombi la namna hiyo lijibiwe kwanza kwa swali: orodha yatakiwa kwa kazi gani, na ni safu zipi zinazohitajiwa? Kama yatakiwa hesabu ya wazee, basi apelekewe hesabu. Kama ni majina, apelekewe majina bila ya namba za vitambulisho na za simu. Mtendaji asione haya kumwuliza mkubwa hivyo. Aulize kwa adabu, lakini aulize.

Walimu nao wana yao. Jina la mtoto ambaye baba yake hajalipa mchango wa chakula lisibandikwe mlangoni. Barua ya daktari isemayo kwamba mtoto ana kifafa yapaswa kujulikana na mwalimu wa darasa, ili ajue la kufanya akianguka, lakini haipaswi kukaa wazi juu ya meza ambapo wenzake huleta madaftari ya kusahihishwa.

Hapa twajua kwamba liko swali zito, nalo tumekwisha kulisikia katika mabaraza. Watu husema, “Mkitufundisha siri, mtawafundisha wala rushwa kujificha. Tutajuaje kama misaada imewafikia maskini, tusipoona majina?” Swali hili ni la haki, nasi hatukubali kwamba ulinzi wa habari za watu uwe pazia la wezi. Fedha ya kijiji imepokewa kiasi gani, imetumika wapi, nani ametia sahihi, bei ya mabati ilikuwa ngapi: hayo si siri ya mtu, yasomwe katika mkutano na kubandikwa ukutani. Hata majina ya waliopewa msaada yaweza kusomwa, kama taratibu za msaada wenyewe zataka hivyo, ili asiyestahili apingwe mbele ya watu. Ila sababu iliyomfanya fulani astahili, kama ni maradhi au ni mumewe aliyemkimbia, haimhusu kila aliyeketi chini ya mwembe. Wala namba ya simu apokelewayo fedha haihitaji kusomwa. Karani mwenye busara huandika daftari yenye safu za mbele zinazoweza kuonyeshwa, na zile za siri huziweka katika daftari ya pili ndani ya kabati. Ni kazi ya asubuhi moja na rula.

Kuhusu funguo hatuna maneno mengi. Kabati liwe na kufuli, funguo ziwe kwa mtu anayejulikana, na atokapo kwa likizo amkabidhi mwingine kwa maandishi. Mtumishi akihamishwa, neno lake la siri la kompyuta lifungwe siku ile ile. Twasikitika kwamba maneno ya siri bado hubandikwa kwa gundi pembeni mwa kioo cha kompyuta. Mwenye kufanya hivyo afadhali asiwe nalo. Na neno moja lisitumiwe na makarani watano, maana jambo likiharibika hakuna atakayejulikana kuwa ndiye.

Liko la mwisho, nalo ndilo gumu kwa wanadamu. Daftari ikipotea, au simu ya kazi ikiibiwa, au orodha ikitumwa kwa mtu asiyehusika, aliyehusika huona hofu, akanyamaza akitumaini kwamba itaonekana kesho. Uingereza majuma matatu yalipita hivyo. Marekani mtumishi alisema upesi, wakubwa ndio waliolala. Siku hizo ndizo ambazo wenye majina wangaliweza kujikinga, kwa kuiambia benki, kwa kubadili namba ya siri ya simu, au hata kwa kujua tu kwamba yeyote atakayewapigia akiwatajia habari zao asiaminiwe. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya yaitaka ofisi iliyopata hasara ya kuwadhuru watu imwarifu Kamishna wa data kabla ya saa 72 kupita tangu kujua, na ikichelewa ieleze kwa nini. Nao wenye habari waambiwe pia. Machifu na wakuu wa shule wawaambie walio chini yao tangu sasa ni nani wa kuarifiwa, na namba yake ya simu iandikwe mahali inapoonekana. Aletaye habari mbaya mapema asipokewe kwa matukano. Na akipokewe kwa daftari na kalamu, aulizwe: ni hati zipi, za watu wangapi, zilionekana lini mara ya mwisho, nani mwingine ajua? Majibu ya maswali hayo manne yapelekwe wilayani siku hiyo hiyo, hata kama daftari yenyewe bado inatafutwa.